Sato Wabichi wa Maregesi

Nyangeta alifuga sato kwenye vizimba vya nyavu ziwani, na kila samaki alimbandika stika. Ukiimulika kwa simu, inakuambia katoka kizimba gani na kavuliwa lini. Wateja wakamkimbilia, wakamwacha tajiri Maregesi na sato wake wa barafu, waliokwisha kusahau ziwa likoje.

Maregesi akaja mwaloni, kitambi kimemtangulia.

"Wewe binti, nipe stika zako nibandike samaki wangu. Ukikataa, vizimba vyako uving'oe leo. Ufukwe huu wangu!"

Nyangeta akapiga goti. "Nikukatalie wewe, baba? Unataka za samaki wabichi kiasi gani?"

"Wabichi kuliko wote! Kuliko hao unaouza wewe!"

"Hizo ninazo." Akampa fungu zima.

Sokoni Maregesi akajaza meza. "Mulikeni wenyewe! Simu haisemi uongo!"

Mama lishe mmoja akamulika, akasoma kwa sauti: "Samaki huyu hajavuliwa. Yumo kizimbani kwa Nyangeta, anaendelea kunenepa."

Soko likaangua kicheko. "Tajiri, mbona huyu anaogelea na huku ananuka?"

Maregesi akakimbilia mwaloni, umati nyuma yake. "Umenidanganya!"

"Uliomba wabichi kuliko wote, baba. Yupo mbichi kumshinda aliye majini?" Nyangeta akashika kamba za vizimba. "Haya, niving'oe? Ila watu hawa wamesoma kwamba samaki wako wamo humu. Nikiving'oa, waambie wewe hao wa mezani kwako walitoka wapi."

Maregesi akautazama umati.

"Viache," akasema.

"Asante, baba. Stika zangu nirudishie, samaki wenyewe ndio kwanza wanakua."