Simu Iliyoita Koku Akiwa Mezani

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana ndege zilikuwa zinaruka na watu walikuwa wanachaji simu kaunta, palikuwa na mwanamke aitwaye Kokugonza. Kwao walimwita Koku. Alikuwa mjamzito, na alikuwa anatoka Dar es Salaam kwenda Bukoba kumwona mama yake mgonjwa. Tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni kwa wasiwasi.

Alisafiri na mumewe, Projestus, na mjomba wake, Ishengoma, kaka wa mama yake. Walipofika uwanja wa ndege mume akasema, "Mama amepata nafuu. Tukae tule." Wakaingia mkahawani, ule wa vitambaa vya meza, unakaa unaletewa. Koku kusikia nafuu, njaa ikamshika! Akaagiza ndizi kwa nyama, akampa mhudumu simu amchajie.

Simu ikaita. Koku ndiyo kwanza anatia tonge mdomoni. Akacheka, "Aliyepiga atapiga tena. Nina njaa mie!"

Simu ikaita tena. Mjomba akainuka, akaenda kaunta, akaongea, akarudi.

"Nani, mjomba?"

"Dada yako Adventina. Wanakusalimu. Kula, mwanangu."

Simu ikaita mara ya tatu. Mume akaenda akaizima, akarudi akasema, "Mhudumu, mwongezee mchuzi." Koku akala, akalamba vidole. Jamani, akalamba vidole!

Aliponawa akaifuata simu yake, akaiwasha, akampigia dada yake. Akapokewa na vilio.

"Koku, mama ametutoka," Adventina akasema. "Alifumbua macho akakutaka wewe. Alisema ana neno moja, la Koku peke yake. Mjomba hakukwambia?"

Koku hakuikata simu. Akarudi mezani, akaiweka katikati ya meza, sauti juu, wote wasikie.

"Mama ametutoka akiniita. Mlijua?"

Mjomba akasema, "Nilijua anakuita. Lakini mtu mwenye njaa hapewi habari nzito, na hilo tumbo si lako peke yako. Nikasema amalize sahani, ndipo nimpe simu. Yule ni dada yangu, Koku! Ningejua anakata roho, ningekunyima?"

Mume akasema, "Nafuu niliitunga mimi, ili ule. Na simu niliizima mimi. Mjomba alishaamua, ningembishia mbele za watu?"

Adventina akasema, "Mimi ndiye niliyewaonya asubuhi wasikwambie hali ya mama, utazimia njiani. Mjomba aliponiambia ningoje, nikangoja. Namwona mama anaisha, nami nangoja."

Koku akauliza taratibu, "Na ile simu ya kwanza?"

"Ile mama aliishika mwenyewe."

Loo! Koku akaisukuma mbali ile sahani tupu.

Abiria wa Bukoba wakaitwa. Koku alitaka mtu wa kumwangukia alie. Akamtazama mume, akamtazama mjomba, akaitazama simu. Akabaki amesimama peke yake, mikono kichwani.

Haya, msinitazame mimi. Mjomba alisema ngoja ale. Mume alizima. Dada alitii. Koku mwenyewe alisema atapiga tena. Je, ni nani aliyemkosesha Koku neno la mama yake?