Nani Awe Somo wa Mtoto wa Mwajabu?

Sogeeni. Mwenye usingizi akanawe uso, maana kazi yangu mimi ni kusimulia tu. Hukumu ni yenu, na nawaonya mapema: mimi mwenyewe imenishinda.

Katika hospitali moja ya milimani walikuwapo watu watatu. Leokadia, fundi wa mitandao, alijaliwa jicho. Alikuwa na mashine ndogo ya kuchungulia yanayopita ndani ya waya. Tunu, muuguzi, alijaliwa maswali. Kompyuta alijua kuiwasha na kuizima, basi, lakini kuuliza hakuchoka. Namsifu, mtunza kompyuta, alijaliwa kutotupa kitu. Kabati lake lilijaa diski za tangu enzi hizo, na watu walimcheka.

Asubuhi moja Mwajabu aliletwa kwa machela, uchungu umemshika. Tabibu Shekue akampima, akanywea. Kondo la nyuma lilikuwa limeng'ang'ania kovu la upasuaji wa zamani.

"Hili peke yangu siliwezi," akasema. "Niunganishieni daktari bingwa wa mjini anielekeze."

Simu za mkononi zilikuwa zimekufa, kwani mvua iliuangusha mnara juzi yake. Ilibaki kompyuta ya chumba cha upasuaji. Wakaiwasha. Kioo cheusi! Bingwa haonekani wala hasikiki.

"Ya Rabi!" mama mkwe, Bi Mwantumu, akapiga ukelele mlangoni. "Mkwe wangu anakufa, nyie mnatazama kioo?"

Sasa jueni hili. Waya wa kwenda mjini ulikuwa mmoja, na humo walipita wote: mapokezi, duka la dawa, upasuaji. Ili wasichanganyikane, kila kifurushi cha habari kilibandikwa namba ya chumba kilikotoka. Cha upasuaji ni thelathini. Kisicho na namba, swichi ya mjini, mashine inayovipokea, hukitupa, haina huruma.

"Namba ipo," Namsifu akaapa. "Thelathini hii hapa, imeandikwa humu kwenye kompyuta!"

Leokadia hakubishana. Alipachika mashine yake katikati, pale waya unapotoka kwenye kompyuta, akachungulia.

"Jamani! Vinatoka vitupu! Hakuna hata kimoja chenye namba!" Kisha akashika kichwa. "Kadi ya mtandao imeharibika. Tuagize nyingine mjini."

Mjini, na barabara imekatika! Bi Mwantumu akakaa chini, sakafuni.

Tunu ndiye aliyetoka mbio, akachungulia mapokezi, akarudi akihema. "Mbona ya mapokezi inaongea na mjini? Haina kamera tu, lakini si zililetwa siku moja, kadi zile zile? Hii imefanywa nini ambacho ile haikufanywa?"

Namsifu aliiacha kompyuta, akawageukia wenzake.

Hospitali ile ilikuwa na desturi: programu yoyote mpya huonjwa kwanza mapokezi, wiki nzima, ndipo iingie upasuaji. Atakayevunja, kazi hana.

"Ni mimi," Namsifu akasema. "Leo alfajiri kompyuta iliniambia kuna draiva mpya ya kadi, programu ile inayoiongoza. Nikaiweka bila kuionja. Draiva hiyo ndiyo inayovivua vifurushi namba."

Mtu waliyehangaika naye bega kwa bega ndiye aliyewasha moto! Lakini mficha uchi hazai. Namsifu tayari alikuwa kabatini, akachomoa diski iliyochakaa, draiva ya zamani ndani yake, akairudisha. Dakika kumi. Leokadia akachungulia tena: thelathini, thelathini, thelathini. Uso wa bingwa ukajitokeza kiooni.

Mwajabu akapona. Mtoto, wa kike, akalia.

Kwao, mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu aliyemfaa. Huyo ndiye somo wake, wa kumshonea nguo ya kwanza na kumwusia hadi siku ya harusi. Bi Mwantumu akawaita wote watatu.

"Nisingeona vifurushi vitupu, mngeulaumu waya mpaka sasa," Leokadia akasema.

"Na nisingeuliza, mngekuwa mnangoja kadi," Tunu akajibu.

Namsifu, barua ya kuachishwa kazi mfukoni, alitazama viatu vyake.

"Huyu simtaki!" Bi Mwantumu akafoka. "Nusura amuue mkwe wangu!"

"Mama," Mwajabu akasema kwa sauti dhaifu kitandani, "angenyamaza angebaki na kazi yake. Mimi ningekuwa kaburini."

Bi Mwantumu akampakata mtoto. Leo ni siku ya sita. Kesho, ya saba, mtoto atanyolewa nywele na kutajwa jina mbele ya watu, na mpaka sasa wanamwita "huyu" tu.

Haya, mmenisikia. Ungekuwa wewe ndiye bibi umempakata, watu wamenyamaza wanakungoja ufungue kinywa, ungetaja jina la nani?