Nani Aliyeiokoa Kamusi ya Mikono?

Nitawapa watu watatu, nanyi mtanichagulia mmoja. Msiharakishe.

Mbonea, mchoraji wa Upareni, alijaliwa jicho la kuona mkono unavyotembea. Namsifu, mkutubi wa shule ya viziwi, alijaliwa kutotupa kitu. Nakiete, binti fundi wa kompyuta, alijaliwa kujifunza chombo kipya kabla wenzake hawajakisikia.

Miaka ishirini iliyopita Mbonea alikaa na wazee viziwi wa milimani akachora ishara zao mia sita, kila ishara kwa picha kumi na mbili zinazofuatana. Alizipanga kwa programu iliyosifiwa sana wakati huo. Ulipofungua ukurasa kwenye mtandao, mikono ilicheza. Lakini programu ilizeeka, vivinjari vya intaneti vikaacha kuisoma, na siku moja kamusi ikawa kisanduku cha kijivu. Michoro ya mwanzo ilikwishaliwa na mchwa, na wazee wenyewe walikwishafariki.

Aliyeumia zaidi ni Zaburi, kiranja wa darasa la saba, kiziwi. Babu yake alikuwa mmoja wa waliochorwa, na hakuacha picha nyingine. "Mikono yake imefungiwa humo," alisema kwa ishara.

"Tuitupe, tuchore upya," Nakiete alishauri.

"Tumchore nani, mwanangu?" Mbonea akamuuliza.

Ndipo Namsifu alipofunua kompyuta ya maktaba, iliyokaa miaka tisa chini ya kitambaa cha kufuma. Alikuwa ameikatia waya wa intaneti kwa sababu wanafunzi walitazama mpira, na shule nzima ilimcheka. Kwa kuwa haikusasishwa hata mara moja, nakala ya kamusi iliyohifadhiwa ndani yake ilikuwa bado inacheza.

"Shikamoo mama. Mbona hukusema?" aliuliza Nakiete.

"Marahaba. Mlinicheka kwa waya. Niwatafute mnicheke tena?"

Kompyuta ilikuwa inazimika kila saa. Nakiete aliwahi kuzitoa picha zote kabla haijafa kabisa, ila zilitoka zimechanganyika, hazina majina. Wiki tatu Mbonea alizipanga moja moja, akikumbuka kila mzee na kila kidole. Kisha Nakiete akaijenga kamusi kwa zana mpya, ikafunguka kwenye simu yoyote. Zaburi alitazama mikono ya babu yake ikisema "karibuni ndani", akairudia mpaka watoto wa darasa la kwanza wakaijua.

Ilibaki kuipa kamusi jina. Viziwi humwita mtu kwa alama yake: Mbonea ni kidole kidevuni, Namsifu ni kugusa miwani, Nakiete ni kidole kwenye mwanya. Wanafunzi wakaamua kamusi iitwe jina la aliyeiokoa, na Zaburi ndiye achague.

"Bila ukaidi wangu mngekuwa na nini?" alisema Namsifu.

"Na ungefunika nini, dada, kama nisingechora?" akajibu Mbonea.

"Bila mimi mngebaki na kompyuta moja mbovu," alisema Nakiete, "na foleni mlangoni."

Wakacheka wote watatu, lakini hakuna aliyeondoa macho kwa Zaburi. Alisimama mbele ya darasa, akainua mkono. Ishara atakayotoa ndiyo watoto watakayoitumia hata baada ya watatu hawa kusahaulika.

Je, mkono huo ungekuwa wako, ungeupeleka wapi: kidevuni, kwenye miwani, au kwenye mwanya?