Mashine Iliyolazwa na Maji Tumboni

"Aliyechoka kumwaga, atachota." Mnarushiana maneno haya kila siku, wajukuu zangu, na leo ndiyo mmekumbuka kuuliza yalikotoka. Haya, methali hii ilianzia hapa hapa Makete, kwa Atuganile, muosha malori ya viazi.

Miaka mingi Atuganile aliosha malori kwa ndoo. Maji aliyachota bondeni, akayapandisha kilima kichwani, na baridi yetu mnaijua: vidole vilipasuka, mgongo ukagoma. Alipopata mashine ya petroli inayovuta maji bondeni kwa mpira na kuyarusha kwenye malori, alilia. Alisema sasa Mungu amempumzisha.

Fundi aliyemletea alimpa sharti moja. Kila jioni azime injini, achomoe mipira, kisha avute kamba ya kuwashia hadi pampu iteme maji yote. Atuganile alilishika sharti hilo kama sala.

Ikafika Julai, viazi vinavunwa. Malori yalipanga foleni tangu alfajiri, tope limeganda hadi kwenye taa. Jua lilipozama, Atuganile alikuwa hoi, mikono haihisi kitu. Aliizima mashine, akaiburuta hadi stoo, akaifunika kwa blanketi lake mwenyewe. Nami simcheki, uchovu ule naujua.

Wifi yake, Tumwitike, alimtazama.

"Wifi, maji umeyatoa?"

"Nimechoka, wifi yangu. Kamba ile siivuti tena leo. Si nimeifunika? Haitaona baridi."

"Blanketi humpasha mwenye damu. Chuma kina damu?"

"Kesho, wifi. Niache nikalale."

Tumwitike naye alikuwa amechoka. Akaenda kulala.

Usiku ule ilianguka sakitu, umande ulioganda kuwa barafu, majani yote yakawa meupe. Maji yaliyobaki ndani ya pampu yakaganda, na maji yakiganda hutanuka. Asubuhi, jua lilipoyeyusha barafu, Atuganile aliunganisha mipira, akavuta kamba, injini ikanguruma vizuri, akatabasamu. Kisha akabana kifyatulio cha bomba la kurushia. Yakatoka matone mawili matatu. Maji mengine yote yalimrukia miguuni kupitia ufa wa pampu.

Fundi alikuja, akaupapasa ule ufa, akatikisa kichwa. "Hii haiungiki, mama."

Safari hii Atuganile hakulia. Nje lori la kwanza lilikuwa linapiga honi. Alilikunja blanketi, akaingia jikoni, akatoka na ndoo yake ya zamani. Tumwitike akamwona anashuka bondeni polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Wifi, unakwenda wapi na baridi hii?"

Akajibu bila kugeuka: "Aliyechoka kumwaga, atachota."