Mwanya wa Cathy

Wahenga hawakuwa na kioo cha saluni, lakini walijua kutazama. Walituachia neno kwamba kizuri hakikosi ila: hata kitu kipendeze vipi, ukikichunguza utaiona dosari yake, na anayetaka kizuri kisicho na ila atachoka kabla hajakipata. Cathy aliujua msemo huo tangu utotoni. Kuujua na kuuamini, hata hivyo, ni mambo mawili.

Cathy alikuwa msusi katika saluni ya mama yake mdogo, Ghislaine, ambaye alimwita tantine, chini ya jengo la ghorofa nyingi kule South Beach, Durban. Alikuwa msichana aliyeumbwa akaumbika: shingo ndefu, ngozi laini, na mwanya katikati ya meno ya mbele uliowafanya wateja wamchokoze makusudi ili acheke. Kwao Uvira, huko Kongo, mwanya ni pambo. Wapo waliouomba kwa Mungu wakanyimwa. Yeye aliuona kama ufa ukutani. Chanzo kilikuwa tamthilia za Kikorea alizozinunua sokoni Warwick na kuzitazama huku akisuka. Kila mwigizaji alikuwa na meno yaliyoshikana, kidevu chembamba na uso usio na hata kipele. Cathy aliamini, maskini, kwamba huko watu huzaliwa hivyo. Mwaka huo wa 2012 akapanga miadi na daktari wa meno ili auzibe mwanya wake.

"Unafunga mwanya juu ya nini?" Ghislaine akamaka. "Ile ni mwanya ya marehemu mama yako! Picha zake zote ziliungua na nyumba. Iko moja tu imebakia, na ni wewe unaibeba ku mdomo."

"Tantine, mama alikuwa wa zamani. Mimi niko wa sasa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Ghislaine akaendelea kuosha vitana, lakini moyo ulimuuma.

Wiki ile ile ya miadi aliingia Hye-jin, binti wa Kikorea aliyeishi ghorofa za juu na baba yake, mtu wa shughuli za meli. Alikuwa amemaliza sekondari kwao, akaja kujifunza Kiingereza. Siku hiyo alitaka kusukwa nywele ndogondogo. Cathy alimshika kichwa taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa yai.

"Nikupe siri," Hye-jin akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, kisichopishana sana na cha Cathy. "Julai naenda nyumbani. Mama ananipa zawadi ya kumaliza shule. Daktari atanipasua hapa," akagusa kope, "nipate mkunjo wa kufanya macho yaonekane makubwa. Wenzangu wengi wamepewa zawadi hiyo. Macho yangu ni madogo."

Kitana kikamponyoka Cathy. Macho yale yale aliyokuwa akiyaonea wivu kwenye kioo tangu aanze kumsuka!

"Nani alikuambia ni madogo?"

"Kila mtu. Kwa upole."

Cathy akaahirisha miadi yake. Si kwamba alibadili nia. Alitaka tu kwanza auone ukamilifu ukiingia mlangoni kwa miguu yake.

Hye-jin alirejea mwishoni mwa Agosti. Macho yalikuwa makubwa, mkunjo umekaa sawasawa. Cathy akapiga vigelegele hadi wateja wote wakageuka.

"Sasa umekamilika!"

Hye-jin hakucheka. Alikisogelea kioo, akajitazama.

"Macho yamekuwa makubwa, sasa pua inaonekana fupi. Mama ameshaongea na daktari. Baada ya pua, kidevu." Akagusa kope tena. "Bibi yangu alinishika uso kwa mikono miwili. Akasema nimependeza. Halafu akauliza, 'Macho yangu umeyapeleka wapi?' Niliyarithi kwake. Hakuna mjukuu mwingine aliyekuwa nayo."

Machozi yakamtoka. Cathy alimhurumia sana, na katika huruma ile akajiogopea mwenyewe. Alimshika bega, akajilazimisha kutabasamu ili amfariji. Alipoinua macho kwenye kioo, katika sura yake mwenyewe alimwona mama yake akimtazama, na mwanya wake, vile vile alivyokuwa akimtazama zamani mlangoni kwao Uvira.

Jioni, walipokuwa wakifagia nywele, Ghislaine aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, "Rendez-vous yako ya meno iko siku gani?"

"Nimeifuta hiyo miadi, tantine."

Ghislaine akauegemeza ufagio ukutani. Macho yake yalikuwa yameshalowa.

"Basi cheka kidogo, nimuone dada yangu."

Cathy akacheka, mwanya ukajitokeza wote. Hakika, kizuri hakikosi ila.