Mtungi wa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Hapo zamani za kale kulikuwa na mama mmoja, Bi Mashavu. Mwana wake mmoja tu, Pandu. Pandu akaoa Siwema, binti wa ng'ambo ya mto.

Haukupita mwezi, tumbo la Pandu likavimba. Gumu! Ukiligonga, ndu ndu ndu, kama ngoma.

Bi Mashavu akawaza: mbona kabla huyu hajaja mwanangu alikuwa mzima? Akaanza kuchungulia. Siwema akitwanga, anachungulia. Siwema akisonga ugali, anachungulia. Siwema akiteka maji, anachungulia. Na ule mtungi mweusi aliokuja nao kutoka kwao! Kwa nini kila saa anaufunika?

"Pandu, maji ya mtungi ule usinywe. Chakula cha mkeo usiguse. Nitakulisha mimi."

Akamlisha. Asubuhi muhogo wa kuchoma. Mchana muhogo wa kuchoma. Jioni muhogo wa kuchoma na mapera. Maji, funda moja tu, kwa kifuu alichokificha uvunguni.

Siku ya saba Pandu anabiringika. "Uuuwi, mama!"

Bi Mashavu akautupa mkeka wa Siwema uani. "Funga mzigo! Unarudi kwenu leo, na kijiji kizima kitajua umemlisha mwanangu sumu!"

"Mama, sijamlisha kitu."

"Nyamaza we!"

Akaitwa Bi Mwatumu awe shahidi. Kikongwe yule ndiye aliyezalisha kijiji kizima. Hakuuliza habari za sumu. Akaweka sikio tumboni kwa Pandu. Kimya. Akabonyeza upande wa kushoto, chini. Pandu akalia.

"Mjukuu wangu, porini umekwenda lini?"

Pandu akatazama ukuta. Mbele ya mama na mke mambo hayo hayasemwi.

"Siku uliyozaliwa ulininyea mkono huu huu. Leo unanionea haya? Lini?"

"Sijaenda, bibi, tangu gulio lile nililoshinda juani bila maji, kabla tumbo halijavimba."

"Hee! Na maji anakupa nani?"

"Mimi," Bi Mashavu akadakia. "Funda moja. Tumbo limejaa, nilijaze tena?"

"Siwema, lete mtungi."

"Msinywe!" Bi Mashavu akapiga kelele.

Mila yao, anayekupa maji hunywa kwanza. Siwema akanywa. Bi Mwatumu akanywa, glu glu glu, akajifuta mdomo. "Haya, tungoje kufa."

Wakangoja. Kivuli cha nyumba kikahama uani. Hakufa mtu.

Ndipo Pandu akanyweshwa, kata kwa kata, na maji ya ukwaju, na papai bivu. Kulipokucha, tumbo: ngurrr! Ngurrr! Pandu huyo, mbio, mlango kauacha wazi. Alirudi tumbo limelala, anadai uji.

"Chakula kina njia, Mashavu," akasema Bi Mwatumu. "Kikikosa maji kinakauka, kinakwama. Wewe ulilinda kinachoingia. Kinachotoka hukuuliza."

Bi Mashavu akaukung'uta mkeka, akaurudisha ndani. "Na huu mtungi, mwanangu, mbona unaufunika?"

"Mijusi, mama. Huku kwenu wanatumbukia."

Bi Mashavu akafunua. Akachungulia kwanza, kidogo tu. Hakuona kitu ila sura yake mwenyewe majini. Akanywa.

Basi, wanangu, kabla hujamnyooshea mtu kidole, muulize mgonjwa kwanza. Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayetaka maji, mtungi ule pale.