Bi Korongo na Dhamana ya Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anajibu huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakishtakiana wenyewe kwa wenyewe, Bi Korongo alitoka ng'ambo ya mlima akataga yai moja katika nchi ya bondeni. Alikwenda kunywa maji tu. Kurudi, yai liko chini ya tumbo la Kenge.

"Bwana Kenge, umelalia yai langu."

"Lako wapi? Nimelitaga mwenyewe."

"Wewe si dume?"

"Ndiyo maana limenichosha."

Korongo akaenda kortini. Hakimu alikuwa Kifaru, mzee asiyeona mbali. Kifaru akaamuru yai lisiliwe mpaka kesi iishe. Korongo akashusha pumzi. Kumbe kaishusha mapema.

"Bi Korongo, kwenu wapi?"

"Ng'ambo ya mlima, mheshimiwa."

"Basi weka dhamana ya gharama. Ukishindwa kesi, utamlipa Bwana Kenge siku alizopoteza hapa. Ukiruka ukaenda zako, atakufuata na nini? Ana mabawa huyu?"

"Lakini mheshimiwa, mwizi ni yeye."

"Hatujafika huko. Dhamana kwanza. Siku tatu, la sivyo naifuta kesi."

Kenge akajilamba. Kesi ikifutwa, yai ni kitoweo.

Korongo akaruka, akaruka, akaruka, akavuka mlima. Akarudi na kambare mkavu. Kifaru akanusa, akapiga chafya.

"Mpaka kesi iishe, huyu atakuwa ametembea mwenyewe kwa funza. Lete kingine."

Korongo akaruka, akaruka, akaruka. Akarudi na mjomba wake aje kumdhamini.

"Na mjomba kwao wapi?"

"Ng'ambo ya mlima."

"Basi naye aweke dhamana ya udhamini wake."

Mjomba akamtazama mpwa wake kwa jicho baya, akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu Korongo hakuruka. Mabawa yalimuuma, shingo ilimuuma, hata domo lilimuuma. Alisimama kwa mguu mmoja kortini, akijiuliza ampige teke nani kwanza.

"Mheshimiwa, mgeni akiwa na mali humu nchini, bado mnamdai dhamana?"

"Hapana. Mali hiyo ndiyo dhamana. Unayo?"

"Yai moja."

Kifaru akamgeukia Kenge. "Unaridhika nayo?"

Kenge, ambaye tumbo lilishaanza kumwimbia, akadakia, "Naridhika sana, mheshimiwa. Akishindwa tu, yai lake nalichukua mimi."

Kifaru akasimamisha masikio.

"Yai la nani?" akauliza Kifaru taratibu.

"Lake," akasema Kenge, kisha akafumba kinywa. Alikuwa amechelewa.

"Kesi imekwisha. Bi Korongo, chukua yai lako."

"Na gharama zangu, mheshimiwa? Mabawa, kambare, na mjomba aliyeninunia?"

"Atakulipa Bwana Kenge."

Wote wakageuka. Kenge, mwenyeji asiyeombwa dhamana hata siku moja, alikuwa ameshazama mtoni.

Korongo hakuondoka. Aliliweka yai lake katikati ya korti, mbele ya pua ya hakimu, akalilalia. Kesi zote za bondeni zikaahirishwa mpaka kifaranga alipotoka.

Hadithi yangu imekaa kitako hapo. Aliyesinzia amuulize jirani.